Maboksi Kutoka Mwakitolyo

Mwanangu Milembe,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mama yangu, si yule rafiki mmoja niliyebaki naye baada ya tumbo kuonekana. Zawadi zote ulizotumiwa na baba yako kutoka Mwakitolyo, hakuzituma yeye. Nilizinunua mimi, moja kila mwezi. Mdoli mwenye nywele za njano, gari lenye king'ora, lile gauni la marinda matatu lililokukwaruza shingo, na lile dubu la manyoya ambalo mpaka leo limekaa juu ya kabati la sebuleni ndani ya nailoni yake. Nilizichagua mimi, nikazifunga mimi, nikaandika jina lako kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Ukiacha mdoli, asubuhi nilimkabidhi konda wa gari la Mwakitolyo, na jioni alirudi nazo kana kwamba zimetoka huko.

Haya. Nimeandika.

Leo ni Jumamosi, saa kumi jioni. Umelala kitandani nyuma yangu, umenuna hata usingizini. Bibi yako yuko uani anafua nguo zako za safari. Babu yako ametoka kutafuta boksi kubwa la kupakia zawadi hizo, kwa sababu kesho baada ya ibada shangazi yako anakuja na gari la Noah kukuchukua, akupeleke Kharumwa kwa mama wa baba yako ukakae huko, na babu hataki uende mikono mitupu. Mimi Jumatatu navaa tena sketi ya shule, narudi kidato cha tatu nikiwa na miaka kumi na minane. Wote wanasema mpango ni mzuri. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi mtu asiponiuliza sisemi, akiniuliza pia sisemi. Ndivyo nilivyo, na sioni cha kujisifia hapo.

Habari za uji wako na kifua chako sitaziandika. Bibi yako ameshamweleza shangazi kwa simu, mara tatu, kwa sauti iliyowafikia majirani wote. Mimi nakuandikia habari za zawadi, maana hicho ndicho kitu pekee ninachokijua kuwashinda watu wazima. Mwaka na nusu nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la midoli hapa Shinyanga mjini, na muda wote huo nimewadharau watu kimoyomoyo, nikitabasamu.

Duka ni la Mama Imran, Mhindi wa hapahapa, Muislamu, aliyezaliwa mtaa wa tatu kutoka dukani na anayeongea Kisukuma kunishinda mimi. Ukimsikia akisalimiana na wazee wa ng'ombe siku ya mnada utadhani naye ana zizi. Alinichukua kazini nikiwa nanyonyesha, akaniambia, "Wewe huongei, nimependa. Wasichana wanaoongea wananimalizia wateja." Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, kushusha vitu, na kufunga zawadi kwa karatasi za kumeremeta.

Sasa nikuambie jinsi watu wazima wanavyomchagulia zawadi mtoto wa miaka miwili. Aliingia jamaa mmoja wa machimbo, buti zina tope, shingoni cheni. Akanyoosha kidole juu kabisa.

"Nishushie lile."

Lilikuwa gari la betri, lile la mtoto kukaa ndani na kuendesha.

"Mtoto ana umri gani, baba?" Mama Imran akauliza.

"Mdogo."

"Mdogo kiasi gani? Anatembea?"

Jamaa akatoa simu, akaiweka sauti ya juu tukasikia wote. "Hivi Junior anatembea?"

Mwanamke wa upande wa pili akajibu, "Njoo uone mwenyewe," akakata.

"Anatembea," jamaa akasema.

"Na huko kwenu umeme wa kulichaji upo?"

"Utakuja."

Akalibeba kichwani akaondoka nalo, watu barabarani wakimshangilia, naye akiwapungia mkono. Nilimwangalia mpaka akapotea, nikasema moyoni, mjinga wewe, hujui hata kama mwanao ana miguu.

Siku nyingine alikuja mama mmoja, mume wake ananunua dhahabu, ananukia mpaka nje. Alitaka simu ya mtoto inayoimba.

"Lakini iwe inaongea Kiingereza."

"Zote zinaongea Kiingereza, mama," Mama Imran akamwambia.

"Kiingereza kizuri? Maana mtoto wangu ana mwaka na miezi minne na bado hajasema hata 'mama'."

"Usijali. Ataanza na 'haloo'."

Yule mama hakucheka. Alinunua mbili, moja ya akiba.

Mimi nimefundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi na kwa Kiingereza sekondari, na lugha zote mbili hazijanifundisha kufungua mdomo. Kwa hiyo wale wanaodhani simu ya plastiki itamfungua mtoto ulimi niliwadharau kwa haki kabisa. Lakini nilichokidharau zaidi ni hiki: dukani kwetu, rafu ya watoto wa umri wako ni ile ya chini kabisa, karibu na sakafu. Kuna vikombe vya plastiki vya kupachikana, mipira midogo, vipande vya mbao vya kupanga. Ili uvione lazima uchuchumae. Mwaka na nusu, Milembe, sikuona mtu akichuchumaa. Wote walinyoosha vidole juu. Mimi ndiye niliyekuwa nikichuchumaa, kufuta vumbi kwenye vitu ambavyo hakuna aliyevitaka.

Na nikishamaliza kuvifuta nilisimama, na mimi nikanyoosha kidole juu.

Hapo ndipo dharau yangu inaporudi nyumbani, na sitaki uisome ukadhani mama yako alikuwa na akili kuliko wateja. Wao walikuwa hawajui. Mimi nilijua.

Ilianza hivi. Tumbo langu lilipoonekana nikatolewa shule, babu yako hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliacha tu kuongea na mimi. Tukiwa sebuleni watatu, alimwambia mama yangu, "Mwambie mwanao asogeze kiti." Nami nipo hapo, natazamana naye. Uliposhuka duniani akakupenda, akakubeba, akakuimbia, lakini mimi niliendelea kuambiwa kupitia kwa mama. Mwaka ulipita hivyo na zaidi.

Ulipotimiza mwaka mmoja nilirudi kutoka dukani na yule mdoli wa nywele za njano. Nilimlipia kwa mshahara wangu. Babu yako alimkuta mezani, akamgeuza huku na huku, halafu akanitazama mimi, si mama.

"Hii nani kaleta?"

Yalikuwa maneno ya kwanza kunielekea. Nilitaka yaendelee. Nikamtazama, nikaona ni jibu gani litamfanya aseme neno la pili, nikalitoa.

"Baba Milembe."

Akakaa. Akakohoa. "Kumbe kijana ana akili," akasema. Kisha akausukuma mbele yangu mchuzi uliokuwa upande wake. "Kula basi, utapata vidonda vya tumbo."

Nililia kwenye ule mchuzi, na alidhani nalia kwa ajili ya baba yako.

Baba yako, Mayunga, wakati huo alikuwa hajatuma hata kipande cha sabuni. Alikuwa duarani Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, anashuka shimoni na kamba kiunoni, na simu yake kila nikipiga haipatikani. Hilo nililijua. Lakini mwezi uliofuata nilianza kuogopa kwamba babu atanyamaza tena, kwa hiyo nikanunua gauni. Safari hii nikaona ni ujinga kulileta mkononi. Nikalipeleka stendi, kwa konda anaitwa Shija, lipande gari liende machimboni lishukie huko dakika tano, lirudi na gari hilohilo jioni, aje alishushe pale babu yako anapotengenezea baiskeli.

Shija alicheka. "Sista, mzigo uende asubuhi urudi jioni hiyohiyo?"

"Wataukataa."

"Na wa mwezi ujao wataukataa?"

"Inawezekana."

"Hao watu wana roho ngumu," akasema, na hakuuliza tena.

Boksi lilisafiri juu ya keria. Liliporudi lilikuwa limepakwa vumbi la kijivu, lile la mawe yanayosagwa kwenye karasha, ambalo linashika kila kitu huko. Babu yako alilipitishia kidole kimoja, akakisugua na kidole gumba, akanusa. Ujanani alichimba huko kabla mgongo haujamkatalia.

"Hili ni vumbi la karasha," akamwambia mama. "Mimi silisahau. Huyu kijana anafanya kazi kweli."

Watu wengine wangetaka barua, au simu, au sura ya mtu. Babu yako alishawishiwa na vumbi. Nami nilipoona hivyo nikafurahi jinsi nilivyo mjanja, na kila mwezi nikahakikisha boksi halifutwi.

Mama Imran ndiye aliyekaribia kunishika. Nilikuwa nafunga lile dubu.

"Huyu mteja wako wa Mwakitolyo mbona simuoni?"

"Anapiga simu, mama."

"Kwa simu ipi? Yako ni ya tochi, na haijaita tangu asubuhi."

Nikainama kwenye karatasi. Alinitazama kwa muda, kisha akakata utepe mwekundu mrefu kuliko ninaoruhusiwa kutumia, akauweka mbele yangu. "Mfungie vizuri," akasema. "Mtu kama huyo hapatikani." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananihurumia au ananidharau. Zote mbili nilistahili.

Na wewe je? Wewe mdoli wa nywele za njano ulimwogopa, ulimwona ukapiga kelele. Gari la king'ora bibi alilitoa betri siku ya pili. Dubu halikuwahi kutoka kwenye nailoni. Kila Jumapili babu yako alilishusha, akakuruhusu kuligusa juu ya nailoni, akalirudisha juu ya kabati kabla wageni hawajaondoka, ili waondoke wakiwa wanaliona. "Wakwe wengine wanaongea," alikuwa akiwaambia. "Wa kwangu anatuma."

Kitu ulichokipenda wewe ni ile roli ya solotepu iliyoisha, duara la karatasi ngumu, niliyoisahau kwenye mfuko wa gauni langu la kazi. Uliivaa mkononi kama bangili. Uliichungulia. Uliivingirisha chini ya kiti ukaifuata kwa magoti. Ulilala nayo. Na wageni walipokuja, Milembe, mimi mama yako nilikunyang'anya nikakupakatisha mdoli unayemwogopa, ili waone. Ukalia. Nikawaambia, "Ana usingizi." Nimewacheka wengi dukani lakini sikumwona hata mmoja aliyefanya hivyo.

Nilidhani mambo yangeishia hapo. Nilisahau kwamba mtu anayesifiwa mwisho wake anasikia. Babu yako aliitafuta namba ya Mayunga kwa watu, akaipata, akamshukuru. Wiki ya pili yake baba yako akatokea mlangoni kwetu, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Karibu ndani. Wabeja, wabeja sana, asante kwa vitu vya mtoto."

Mayunga akatazama juu ya kabati. Akaliona dubu. Akashuka na macho mpaka kwenye gari, mpaka kwenye mdoli, mpaka kwangu mimi niliyesimama na sinia la soda. Sijawahi kuona mtu akifikiri haraka vile.

"Kidogo tu, baba," akasema. "Kadiri Mungu anavyojalia."

Nilimdharau mpaka nikasikia ladha ya dharau mdomoni. Lakini sinia halikuanguka, nami nikamfungulia soda. Uongo ule niliukata mimi, nikaushona mimi, nikautundika. Yeye alipita tu akauvaa ukamkaa. Nilipomsindikiza njiani akanigeukia.

"Kumbe unanipenda hivyo?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole njia ya stendi.

"Basi sawa," akasema. "Mimi nitakubebea sifa zako. Si nzito."

Mwamba ukamkubali, akapata dhahabu. Ukishakua utaelezwa kwamba kwetu mtoto aliyezaliwa nyumbani bila ndoa ni wa watu wa mama yake mpaka watu wa baba walete ng'ombe wa mtoto. Wakiingia uani, mtoto ana kwao kwingine. Waliletwa, wazuri, na babu yako akawapokea akiwa amevaa koti kwenye jua. Mama wa Mayunga akasema anamtaka mjukuu wake Kharumwa. Na mimi si narudi shule? Kila kitu kikapangika kama vile kilikuwa kinangoja.

Tukapelekwa kwanza kusalimia, mimi na wewe, na huyo bibi yako wa Kharumwa akatuchinjia kuku. Sina ubaya naye. Lakini uani kwake kuna mabeseni mawili ambamo baba zako wadogo wanaoshea mchanga wa dhahabu, wanaukanda kwa zebaki kwa mikono mitupu, halafu wanachoma kwenye kifuniko cha kopo juu ya jiko la mkaa. Jiko hilohilo ndilo lililopika kuku. Moshi unapita hapo wanapocheza watoto.

Mayunga alikuona umekaa umeboreka. Akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya macho. Akakaa chini, mwanangu, kwenye udongo, na shati lake la pasi. Akachukua kizibo cha soda, akadondoshea humo zebaki kidogo, akakitikisa mbele yako. Ile kitu ikakimbia, ikagawanyika vidonge vidogo, vikakutana vikawa kimoja. Ulicheka. Ulicheka mpaka ukashikwa na kwikwi. Kwa midoli yangu yote sikuwahi kukipata kicheko kile, na yeye alikipata kwa kizibo, kwa sababu alikaa chini. Nilimwonea wivu mbaya.

Sasa soma hapa polepole, maana hapa ndipo ninapojichukia. Nilikuwa najua zebaki ni nini. Mwalimu wa kemia alitusomea kwa Kiingereza, nikanakili kwa mwandiko mzuri, mvuke wake unavyoharibu ubongo, na wa mtoto kwanza. Kwenye mtihani nilipata zote. Na nilisimama pale nikasema moyoni, mwache acheke kidogo tu, nikisema kitu watanitazama wote. Mpaka ulipochovya kidole ukakielekeza mdomoni, ndipo nikakurukia.

Ukalia. Kizibo kikamwagika. Bibi wa Kharumwa akasema, "We binti, sisi wote tumekulia hapa. Tumekufa?"

"Wasomi hao," mmoja wa baba zako wadogo akasema, na wote wakacheka.

Na mimi nilitabasamu. Nilikufuta kidole kwa kanga yangu nikatabasamu, kama nilivyokuwa nikiwatabasamia wateja.

Nyumbani nilijikaza nikamwambia mama yangu, jikoni, nimempa mgongo. Mama akampelekea babu yako. Nilikuwa nyuma ya pazia.

"Kabula anasema kule wanachoma zebaki uani. Anaogopea mtoto."

Babu yako si mtu mbaya, alifikiri kweli. Kisha nikasikia akisema, "Mtu anayetuma vitu kama hivi kila mwezi, bila kuombwa, atamwacha mwanawe aumie? Hebu angalia hapo juu mwenyewe." Na mama akaangalia, na wakakubaliana.

Umeona? Dubu langu ndilo lililomjibu. Mimi nilikuwa na neno moja la kweli, nililolitoa kwa shida ya miaka, na lilipofika sebuleni lilikuta mashahidi wamekaa juu ya kabati, niliowalipia mimi mwenyewe, wakimtetea Mayunga. Ndiyo sababu unaondoka kesho. Si kwa ajili ya ng'ombe, wala si kwa ajili ya shule yangu. Unaondoka kwa sababu babu yako anaamini huko kuna mtu anayekufikiria kila mwezi.

Kwa siku tisa nimekuwa nikitafuta namna ya kuizuia safari hii bila kuisema siri. Nilijaribu kusema una homa, bibi akakushika paji la uso akanitazama. Nilijaribu kusema shule ningoje mwakani, babu akasema kwa furaha, "Usiogope, ng'wanone, mtoto atatunzwa." Ng'wanone, mwanangu, akaniita. Neno hilo nilikuwa sijalisikia tangu tumbo lako. Nikalipokea, nikaacha kubisha. Ona ninavyonunulika.

Nikisema, ng'ombe watarudishwa. Majirani waliooneshwa dubu watajua limetoka duka la Mama Imran, kwa mshahara wangu. Babu yako aliyenusa vumbi mbele ya watu, mchimbaji wa zamani, atakuwa amedanganywa na binti aliyelipeleka boksi matembezini. Atanyamaza tena, na safari hii atakuwa na haki. Yote hayo nimeyatazama. Na nikigeuka nakuona hapa, umelala na kidole mdomoni. Kidole kilekile.

Sina mausia ya kukupa, mtu aliyefanya haya atausia nini. Ila ukija kuombwa umchagulie mtoto mdogo zawadi, wakati huo umeshakuwa mkubwa na labda mimi na wewe hatuongei, jiulize kwanza nani atakuwa sebuleni siku ya kuifungua. Kama jibu linakuja haraka sana, na si mtoto mwenyewe, acha, rudi nyumbani. Mimi jibu langu lilikuwa baba yangu. Nilimnunulia yeye midoli mwaka mzima, mzee wa miaka hamsini na saba, nikaiandika jina lako.

Bibi yako ameacha kufua. Nasikia makatambuga ya tairi ya babu yako uani, anayaburuta kama kawaida yake. Anamuuliza bibi kama umeamka. Anasema boksi amelipata, la friji, zuri, zitatosha zote. Anacheka.

Daftari langu la baiolojia liko hapa kiwikoni. Siku zote barua zangu, hata zile za kipuuzi, nimezivutia daftari juu yake babu yako akiwa bado barazani. Akiuliza "unaandika nini" nasema "kazi ya shule", naye anapita. Najua nikimngoja aulize, nitasema hivyohivyo. Mdomo wangu nauelewa. Kwa hiyo daftari nimelisukuma, limeanguka chini, na wewe umegeuka ukutani bila kuamka.

Yuko kwenye korido. Anasoma polepole babu yako, kwa kidole, lakini anasoma mpaka mwisho. Basi mistari hii iliyobaki, mwanangu, naomba unikopeshe.

Baba, shikamoo. Ni Kabula. Hayo yote ni kweli, hata ya vumbi. Warudishe ng'ombe wa watu. Ukininyima shule nitakubali, ukininyamazia nitakubali, usimlaumu mama, hakujua. Lakini kesho Milembe asipandishwe kwenye gari. Mlango unafunguka, nimesimama hapa mbele yako, na karatasi sijaifunika.